Gari la kaka, mdoli wa dada: nani aliyegawa?

Msomaji_Makini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ingia duka lolote kubwa la vichezeo, au fungua tovuti ya mauzo, utakuta watoto wameshagawanywa kabla hujasema unamnunulia nani. Huku pinki na zambarau: midoli, vyombo vya jikoni, vipodozi vya kuigiza, farasi wenye singa ndefu za kuchana. Kule bluu, nyeusi na nyekundu: magari, roboti, bunduki, vifaa vya kujengea, majitu yenye misuli. Nikiuliza kwa nini, najibiwa kwamba duka linafuata tu matakwa ya watoto wenyewe.

Nimelisoma jambo hili kwa muda sasa, na msimamo wangu ni huu. Mwelekeo wa asili upo, ila si mkubwa kama tunavyoaminishwa, na wapo watoto wengi wasioufuata. Wafanyabiashara wameuchukua mwelekeo huo wakaujengea ukuta, na ukuta wenyewe ni wa juzi juzi. Nitaeleza, kisha mnipinge kwa hoja.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo watu hudhani mambo yalikuwa hivi tangu enzi za Adamu. Ipo picha maarufu ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, iliyopigwa mwaka 1884 akiwa mtoto wa miaka miwili hivi. Amevaa gauni jeupe na nywele zimemfika mabegani. Wakati ule hapakuwa na cha kushangaza. Watoto wadogo wa jinsia zote walivalishwa magauni meupe, kwa kuwa nguo nyeupe huchemshwa ikatakata na gauni hurahisisha kubadili nepi. Jo Paoletti, mwanahistoria wa mavazi wa Chuo Kikuu cha Maryland, amefuatilia kilichotokea baadaye. Rangi zilipoanza kugawanywa mwanzoni mwa karne ya 20, wauzaji hawakukubaliana. Jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto lilishauri mwaka 1918 kwamba pinki iwe ya wavulana kwa kuwa ina nguvu, na bluu iwe ya wasichana kwa kuwa ni tulivu. Mwaka 1927 jarida la Time lilichapisha jedwali la maduka makubwa ya Marekani na rangi walizopendekeza, na maduka hayo yalipingana yenyewe kwa yenyewe. Mpangilio tunaouona leo ulitulia baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Sasa vichezeo vyenyewe. Mwanasosholojia Elizabeth Sweet alichambua matangazo ya vichezeo katika katalogi za kampuni ya Sears katika karne ya 20. Ungetarajia mgawanyo uwe mkali zamani kisha upungue kadiri wanawake walivyoingia kazini na vyuoni. Sivyo alivyokuta. Mwaka 1975, chini ya asilimia 2 ya vichezeo ndivyo vilivyotangazwa waziwazi kuwa vya wavulana au vya wasichana, na karibu asilimia 70 havikuwa na dalili yoyote ya jinsia. Baada ya hapo mambo yakageuka. Utafiti wa Carol Auster na Claire Mansbach wa mwaka 2012 uliipitia tovuti ya duka la Disney ukakuta kila kichezeo kimewekwa katika orodha ya wavulana au ya wasichana, baadhi katika zote mbili. Yaani wakati wanawake wanakuwa marubani na majaji, rafu za watoto wao zilikuwa zinatengana kuliko zilivyotengana kwa bibi zao.

Ni nini kilitokea hapo katikati? Mwaka 1984 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliondoa masharti yaliyobana matangazo katika vipindi vya watoto. Ghafla kipindi kizima cha katuni kikaweza kuwa tangazo la kichezeo. Transformers, yale maroboti, wakaelekezwa kwa wavulana, My Little Pony, wale farasi wadogo, kwa wasichana, na kila upande ukapewa hadithi zake, muziki wake na rangi zake. Miaka hiyohiyo kipimo cha ultrasaundi kikawa cha kawaida, wazazi wakaanza kujua jinsia ya mtoto kabla hajazaliwa, na manunuzi yakaanza mapema. Paoletti analitilia mkazo sana hili, nami nakubaliana naye.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni hesabu ya mauzo. Baiskeli nyekundu ya dada humfaa mdogo wake wa kiume. Baiskeli ya pinki yenye vishada kwenye mpini haimfai, maana wenzake watamcheka. Familia inalazimika kununua mbili. Na hiyo ya pinki huenda ikawa ghali zaidi: mwaka 2015 idara ya masuala ya walaji ya Jiji la New York ililinganisha bei ikakuta vichezeo na vikorokoro vya wasichana vinazidi vya wavulana kwa wastani wa asilimia 7. Mfano uliotajwa sana ni wa skuta ya aina moja, nyekundu ikiuzwa dola 24.99 na ya pinki dola 49.99.

Karibuni.

---

BabaTatu

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na historia yako naikubali. Ila hapo kwenye "mwelekeo si mkubwa" naomba tutofautiane.

Nina wavulana wawili na binti mmoja. Vichezeo vyote vipo kapu moja, hatujawahi kumwambia yeyote hiki si chako. Wale wavulana kila kitu kwao ni gari au silaha, hata kitana. Binti yangu ukimpa lori analifunika kitambaa, analilaza na kulibembeleza. Hakuna tangazo lililomfundisha hilo akiwa hajajua hata kuongea vizuri. Tukubali kuna kitu wanazaliwa nacho. Nimesikia hata nyani wamepimwa wakaonekana hivyohivyo.

---

Msomaji_Makini

BabaTatu, ninachokisema mimi si kwamba watoto huzaliwa sawasawa kabisa. Ushahidi wa asili upo, na anayeuficha anaidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwa wasichana wenye hali ya kitabibu iitwayo CAH, ambao tezi zao za adrenali hutoa kwa wingi androjeni, yaani homoni za kiume, tangu wakiwa tumboni. Sheri Berenbaum na Melissa Hines walionyesha mwaka 1992 kwamba wasichana hawa hucheza na magari na vifaa vya kujengea kuliko ndugu zao wa kike wasio na hali hiyo. Mwaka 2005 Vickie Pasterski na wenzake wakaangalia kama labda ni wazazi wanaowasukuma huko. Wakakuta wazazi wanawahimiza zaidi wacheze na vichezeo vya kike. Malezi peke yake hayaelezi hilo.

Hao nyani uliosikia ni tumbili wa jamii ya rhesus, waliopimwa Marekani na utafiti ukatoka mwaka 2008. Madume walipendelea vyenye magurudumu kuliko vya manyoya. Majike hawakuonyesha upendeleo ulio wazi, walishika huku na kule. Na katika msitu wa Kibale, Uganda, Sonya Kahlenberg na Richard Wrangham walieleza mwaka 2010 kwamba sokwe watoto wa kike hubeba vijiti kwa namna inayofanana na kubeba mtoto, kuliko wa kiume wanavyofanya. Wa kiume nao wamo, ila wachache.

Sasa soma utafiti wa Vasanti Jadva, Melissa Hines na Susan Golombok wa mwaka 2010. Walipima watoto wa miezi 12 hadi 24 wanatazama nini kwa muda mrefu zaidi. Wasichana waliwatazama midoli kuliko wavulana, wavulana wakayatazama magari kuliko wasichana. Hoja yako hiyo hapo, nakupa. Lakini wavulana wa miezi 12 nao walimtazama mdoli kuliko gari. Kumkwepa mdoli kulikuja baadaye. Na kwenye rangi hapakuwa na tofauti yoyote: wote, wa kike na wa kiume, walipenda wekundu kuliko bluu.

Kwa hiyo mtoto wa kiume wa mwaka mmoja anavutiwa na mdoli na anapenda rangi iliyo jirani na pinki. Akifika miaka minne anavikimbia vyote viwili. Vanessa LoBue na Judy DeLoache waliligusa hili mwaka 2011: wasichana huanza kuchagua pinki karibu na umri wa miaka miwili na kuendelea, na wavulana huanza kuikwepa katika kipindi hichohicho. Ndio umri mtoto anaojua kwamba yeye ni "mvulana" au "msichana" na kuanza kutafuta alama za kundi lake.

Upo utafiti mwingine wa Hong Kong uliotoka mwaka 2018, wa Sui Ping Yeung na Wang Ivy Wong. Walichukua rangi zisizo na jinsia, njano na kijani, wakawaambia watoto wa umri wa chekechea kwamba hii ni ya wasichana na ile ni ya wavulana, na kundi lingine hawakuliambia kitu. Walioambiwa wakaifuata rangi waliyoambiwa ni yao. Binti yako kulibembeleza lori kunaweza kabisa kuwa asili. Kulikataa lori kwa sababu ya rangi yake hakuwezi.

---

BabaTatu

Hiyo ya mvulana wa mwaka mmoja sikuijua. Nakubaliana nawe kwenye rangi. Kwenye mchezo wenyewe bado naona asili ina sehemu kubwa kuliko unavyoipa.

---

Mwl_Chekechea

Wakuu, nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita na naona mnasahau kitu kimoja kikubwa: watoto hujifunza jinsia kwa wenzao kuliko kwa matangazo au wazazi.

Wakiingia kwangu wakiwa na miaka mitatu wanachanganyika bila shida. Kadiri wanavyokua wanajitenga wenyewe. Eleanor Maccoby na Carol Jacklin waliwahi kupima hili: katika umri wa miaka minne na nusu watoto walicheza na wa jinsia yao karibu mara tatu zaidi kuliko na wa jinsia nyingine, na walipofika miaka sita na nusu ikawa kama mara 11. Ukikaa darasani unaliona kwa macho. Na kundi likishajitenga linatunga sheria zake. Mvulana akishika mbeleko ya mdoli anaangalia kwanza nani anamtazama.

Mwaka 1995 Carol Martin na wenzake waliwapa watoto vichezeo wasivyowahi kuviona, vingine vya kuvutia kweli, wakawaambia hiki ni cha wavulana, hiki ni cha wasichana. Kichezeo kizuri kikipewa jina la jinsia nyingine kilishuka thamani papo hapo machoni pa mtoto. Kwa hiyo bango la "Wasichana" juu ya rafu lina uzito kwa mtoto asiyejua kusoma, kwa kuwa anaijua rangi yake na picha ya mtoto iliyo juu yake.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu. Rebecca Bigler aliwavisha watoto wa shule fulana za bluu na njano. Katika madarasa ambayo mwalimu alizitumia rangi hizo kupanga kila kitu, nani akae wapi, nani atangulie, watoto wakaanza kuliona kundi la rangi yao kuwa bora. Katika madarasa ambayo mwalimu alizipuuza fulana hazikuwa na maana. Sasa fikiria tunavyosema siku nzima: wavulana mstari huu, wasichana mstari ule, wasichana wametulia, wavulana wana kelele. Mimi napanga mistari kwa herufi ya kwanza ya jina au mwezi wa kuzaliwa, na inakwenda vizuri tu.

---

Nahodha_K

Hizi ni mbinu za kufuta tofauti ya mwanamume na mwanamke. Leo mnasema mvulana apewe mdoli, kesho mtasema nini? Mtoto wa kiume alelewe kiume.

---

Msomaji_Makini

Nahodha, hofu yako naiona kwa wazazi wengi, kwa hiyo nitaijibu kwa uzito wake.

Hakuna aliyesema mvulana anyang'anywe gari apewe mdoli. Katika mambo yote niliyoandika, waliowaamrisha watoto washike nini ni wauzaji. Wale wavulana waliovaa magauni meupe karne ya 19 walikua wakawa wanajeshi, wakulima, na mmoja akawa rais. Uanaume wao haukutegemea rangi ya kichezeo. Na hao wasichana wa CAH wanakuonyesha kwamba mwelekeo wa ndani ukiwa na nguvu hausubiri ruhusa ya mzazi wala hauzuiliki kwa kuhimizwa vingine. Kama unaiamini asili, iamini mpaka mwisho: mwachie mtoto kapu zima, asili itajichagulia.

---

MamaWawili

Nahodha, ndugu yangu, naomba nami nikujibu kama mama.

Mwanangu wa kwanza alipopata mdogo wake alitaka mtoto wa kubeba, kama nilivyombeba mdogo wake. Nilimtafutia mdoli mdogo, akawa anamlisha na kumwogesha kila nilipofanya hivyo kwa mdogo wake. Alikuwa mpole kwa kichanga kuliko nilivyotegemea. Kisha ndugu mmoja mtu mzima akamcheka mbele ya watu. Mdoli uliishia chini ya kitanda, na hata kumshika mdogo wake mbele ya wageni akaacha. Lililoniuma ni hilo la mwisho. Alichofundishwa siku ile ni kwamba kumtunza mtoto ni aibu. Na baadaye tutamlaumu akiwa baba asiyejua kubadili nepi.

Watu huongelea sana wasichana katika mada hii, wanasahau kwamba wavulana ndio wanaobanwa zaidi. Msichana akipanda mti au kucheza mpira ataitwa jasiri. Mvulana akishika mdoli anapewa jina baya. Mwaka 2021 Taasisi ya Geena Davis, inayochunguza jinsia katika vyombo vya habari, iliifanyia Lego, kampuni ya matofali ya kuchezea, utafiti uliohusisha wazazi na watoto karibu 7,000 katika nchi saba. Asilimia 71 ya wavulana walisema wanaogopa kuchekwa wakicheza na kichezeo kinachohusishwa na jinsia nyingine. Wasichana walikuwa asilimia 42. Judith Langlois na Chris Downs walionyesha tangu mwaka 1980 kwamba kina baba ndio wanaowabana zaidi watoto wa kiume wakishika vichezeo vya kike.

Hata kampuni zinajua. Kampuni ya Hasbro ilipoingiza sokoni G.I. Joe, kichezeo cha askari, mwaka 1964 ilihakikisha haitwi mdoli popote, ingawa alikuwa na nguo za kubadilisha na viungo vya kukunja kama mdoli mwingine yeyote. Baba asingenunua vinginevyo.

---

Fundi_Mbao

Mimi nachonga vichezeo vya mbao na nataka turudi kwenye mkono wa mtoto. Kila kichezeo kinafundisha mkono na kichwa kitu fulani. Swali langu kwa mzazi anayekuja ni: unataka ajizoeshe nini? Si: ni wa kike au wa kiume?

Mtoto anayepanga matofali ya mbao anajifunza uzito, mizani, na kuona umbo kichwani kabla halijasimama. Anayechezesha mdoli anajifunza maneno, zamu za kuongea, kusoma uso wa mtu, kumtunza aliye dhaifu. Hivyo vyote viwili ni ujuzi wa kazi na wa maisha. Ukimpa mtoto upande mmoja tu kwa miaka sita, umemnyima nusu ya mazoezi, kisha akifika shuleni tunasema wasichana hawana kichwa cha jometri na wavulana hawajui kujieleza.

Susan Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia watoto nyumbani kwao tangu wakiwa na miaka miwili hivi. Waliocheza kuunganisha vipande vya picha walifanya vizuri zaidi walipofika miaka minne na nusu, walipopimwa uwezo wa kugeuza maumbo kichwani. Sisemi picha za vipande ndizo zilizosababisha zote, maana wazazi wanatofautiana kwa mengi. Lakini mimi naona kwa mikono ya watoto wanaokuja kwangu: anayejenga mara kwa mara anajua tofali litaanguka kabla halijaanguka.

Na hili linaanza mapema kuliko vichezeo. Mwaka 2000 Emily Mondschein, Karen Adolph na Catherine Tamis-LeMonda waliwauliza akina mama wa watoto wa miezi 11 wakadirie mtoto wao ataweza kutambaa kwenye mteremko mkali kiasi gani. Mama wa wavulana walikadiria juu, wa wasichana wakakadiria chini. Watoto walipojaribu wenyewe hapakuwa na tofauti. Mtoto ana miezi 11, na tayari tumeshampunguzia mteremko.

---

Nahodha_K

Fundi, hiyo ya mteremko imenigusa kwa sababu nina binti. Kwa wasichana kujenga sina tatizo kabisa. Kwa wavulana na midoli bado sijashawishika.

---

MamaWawili

Basi tumefika kwenye lile nililosema. Kwa wasichana mlango uko wazi kidogo, kwa wavulana umefungwa. Nakuomba tu usimcheke mtoto wa mtu.

---

Dada_Mdadisi

Mleta uzi, kampuni zenyewe zimefanya nini? Naona siku hizi matangazo yamebadilika kidogo.

---

Msomaji_Makini

Dada, zimebadilika pale zilipobanwa. Nikupe machache ninayoyajua vizuri.

Mwaka 1992 kampuni ya Mattel ilitoa mdoli wake Barbie anayeongea, na mojawapo ya sentensi zake ilisema somo la hisabati ni gumu. Malalamiko yakawa mengi, ikaondolewa. Mwaka uliofuata kundi la wanaharakati lilibadilisha vifaa vya sauti vya baadhi ya Barbie na vya G.I. Joe kisha likavirudisha madukani, hivyo Barbie akanguruma vita na askari akazungumzia ununuzi wa nguo. Na kama unadhani mdoli ni mdoli tu, Aurora Sherman na Eileen Zurbriggen walichapisha utafiti mwaka 2014 ambamo wasichana wa miaka minne hadi saba walicheza dakika chache tu, wengine na Barbie, wengine na kichezeo cha kiazi chenye uso. Waliocheza na Barbie walitaja kazi chache ambazo wao wangeweza kuzifanya kuliko ambazo wavulana wangeweza. Hata Barbie aliyevalishwa kama daktari hakusaidia. Ni utafiti mdogo, wasichana 37, kwa hiyo usiujengee nyumba nzima, lakini unafikirisha.

Mwaka 2012 kampeni ya Let Toys Be Toys ilianza Uingereza ikiwaomba wauzaji waondoe mabango ya "wavulana" na "wasichana", na maduka kadhaa makubwa yakakubali. Mwaka huohuo msichana wa miaka 13 huko Marekani alikusanya saini zaidi ya 40,000 akiiomba Hasbro itengeneze jiko lake la kuchezea kwa rangi ambayo mdogo wake wa kiume angeweza kulitumia, kwa kuwa lilitoka kwa pinki na zambarau tu. Kampuni ikatoa jeusi na la fedha. Angalia hapo: mvulana alipenda kupika, kilichomzuia ni plastiki ya pinki. Mwaka 2015 maduka ya Target ya Marekani yaliondoa mabango ya jinsia kwenye vichezeo. Jimbo la California limeweka sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024: maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 au zaidi yanayouza vitu vya watoto lazima yawe na sehemu isiyobagua jinsia, la sivyo faini ni dola 250 mara ya kwanza na 500 zinazofuata. Sheria haijakataza rafu za pinki. Inataka tu iwepo sehemu ambayo mtoto hatakiwi kuchagua kundi kwanza. Mimi ningeanzia kwenye matangazo ya katuni kabla ya rafu, maana mtoto hufika dukani akiwa ameshaamua.

Lego ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu walishajua. Mwaka 1974 waliweka barua kwa wazazi ndani ya maboksi, wakisema hamu ya kuumba ni ileile kwa wavulana na wasichana, kwamba wavulana wengi hupenda nyumba za midoli na wasichana wengi hupenda vyombo vya anga. Miaka iliyofuata vichezeo vyao vikaegemea wavulana, na mwaka 2012 wakatoa seti zilizolengwa kwa wasichana, Lego Friends.

---

Fundi_Mbao

Hapo kwa Lego Friends nakupinga kidogo. Wasichana wengi ambao wasingegusa tofali walianza kujenga kupitia zile seti. Erica Weisgram na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kichezeo cha kiume kikipakwa pinki wasichana hujiona wameruhusiwa kukigusa. Kama pinki ndiyo inayomfikisha mtoto kwenye mizani na kona, naichukua.

---

Msomaji_Makini

Nakubali kwamba inawafikisha. Wasiwasi wangu ni kwa yule wa kiume, kwa sababu rangi inayomruhusu dada inamfungia kaka nje. Na msichana anajifunza kwamba seti zisizo na pinki si zake.

---

Shangazi_Mtu

Samahani wakuu, naomba msaada wa vitendo. Nalea binti ya kaka yangu, ana miaka minne. Kila kitu anataka pinki, kila siku ni binti mfalme, gauni linachanua mpaka anajikwaa. Nimsimamishe? Naogopa nimeshachelewa.

---

Mwl_Chekechea

Shangazi, usimnyang'anye. Hujachelewa hata kidogo. May Ling Halim na wenzake wameeleza kipindi hiki: wasichana wengi wa miaka mitatu hadi sita hushikilia magauni ya kupendeza kwa ukali, na hilo halitokani hasa na matakwa ya mzazi. Mtoto amejua yeye ni wa kike na bado hana uhakika kama ukike unabaki akivaa suruali, kwa hiyo anajishika kwa alama anazoziona. Ukali wa mawazo haya kwa kawaida hufika kilele kama miaka mitano au sita, kisha hulegea. Ukimkataza atashika kwa nguvu zaidi.

Fanya hivi. Gauni mwachie, lakini lipunguze urefu ili aweze kukimbia na kupanda. Mchezo wa binti mfalme uongeze vitu: mpe matofali ajenge kasri, muulize maji yatapita wapi na farasi watalala wapi. Mtafutie hadithi ambazo binti mfalme anaamua jambo. Msifu kwa alichojenga au alichotatua kabla ya kumsifu gauni, maana watu wote wengine watamsifu gauni. Na kama kuna mvulana wa jirani wa rika lake, wakutanishe mara kwa mara wakiwa wawili tu bila kundi. Wakiwa wawili zile sheria za kundi hupungua sana, nimeliona hilo darasani kila mwaka.

---

Shangazi_Mtu

Mwalimu, Mungu akubariki. Mvulana wa rika lake yupo, mtoto wa jirani yangu, ila kila akija wanapelekwa kuangalia katuni. Nitaizima nitoe matofali. Nikikwama nitarudi hapahapa.